Kupima matangazo na majarida ya wanafunzi kwa maoni ya walengwa: mwongozo kwa shule, vyuo na klabu za Bukoba na Muleba

Wanafunzi wa sekondari na vyuo, pamoja na klabu za vijana hapa Bukoba na Muleba, hubuni matangazo na majarida ya aina nyingi: bango la usafi wa mazingira, tangazo la mahafali, tangazo la bidhaa ya mfano darasani, jarida la shule linalobandikwa ubaoni au kutolewa nakala. Vifaa si kikwazo kikubwa kama zamani. Kompyuta moja, au hata simu yenye programu ya Canva, inatosha kupanga maneno na picha. Kinachobaki kigumu ni kujua kama kazi hiyo inaeleweka kwa mtu aliyekusudiwa.

Mwalimu hutoa alama kwa lugha, usafi wa kazi na mpangilio. Lakini mwalimu wa mjini Bukoba si mkulima wa Nshamba, wala si mvuvi aliye mwaloni Bumbire. Wanafunzi wenzake mbunifu nao hawatoshi, kwa sababu wameshausikia ujumbe darasani kabla ya kuliona bango. Anayeweza kusema kama tangazo limefika ni yule litakayembandikiwa mbele yake.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kukusanya maoni yake, maswali ya kumuuliza, namna ya kuyasoma majibu, na nini cha kubadilisha baada ya hapo.

Mrejesho wa walengwa ni nini

Walengwa ni watu ambao kazi imetengenezwa kwa ajili yao. Mrejesho ni kile wanachokuambia, na kile wanachokionyesha kwa macho na mikono yao, baada ya kuiona kazi. Kupima kabla ya kuchapisha ni kuwapelekea rasimu wakati bado inaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kupenda si kuelewa. Ukimwonyesha mama wa jirani bango la mwanao na kumuuliza, "Je, ni zuri?", atajibu, "Zuri sana, mwanangu." Huo ni ukarimu, na katika mila zetu mkubwa hamvunji moyo mtoto aliyeleta kazi yake. Lakini jibu hilo halikuambii kama ameelewa. Ukimuuliza, "Hapa unaona nini? Bango linakutaka ufanye nini?", hapo ndipo kazi inapopimwa.

Historia ya karibu inatufundisha nini

Suala hili si geni nchini. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Vipindi vya redio vilitangazwa kwa wiki 12, na vikundi vya wasikilizaji vilikutana vijijini na vijitabu mkononi, vikiwa na viongozi waliopewa mafunzo. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walishiriki. Waandaaji hawakuishia kuhesabu vijitabu vilivyogawiwa. Tathmini iliangalia watu walijua nini kabla na baada ya kampeni, na vijijini kulibadilika nini, kwa mfano uchimbaji wa vyoo. Hicho ndicho kipimo ambacho hata bango la mwanafunzi linakihitaji: mtu ameelewa nini, na atafanya nini.

Mkoa wetu una somo lake pia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa hapa Kagera, katika Hospitali ya Ndolage wilayani Muleba. Miaka iliyofuata, mabango mengi ya kuhimiza tahadhari katika nchi za Afrika yalitumia fuvu, jeneza na mtu aliyebaki mifupa. Nia ilikuwa njema. Lakini picha ya mtu aliyekonda inaweza kusomwa kwa njia ambayo mbunifu hakuikusudia: kwamba mwenye mwili mzuri hana virusi. Na picha ya fuvu humwambia anayeishi na virusi kwamba ameshakufa, wakati anatakiwa kwenda kliniki. Ndiyo maana mabango ya afya ya leo huonyesha zaidi watu wenye nguvu, wakipima na kutumia dawa.

Nje ya Afrika, mwaka 1976 UNICEF ilichapisha utafiti uliofanyika Nepal kuhusu namna watu wa vijijini wanavyosoma picha. Ulionyesha kwamba mchoro ulio wazi, au picha iliyoondolewa vitu vya nyuma, hutambulika vizuri kuliko picha iliyojaa mambo mengi. Ulionyesha pia kwamba si kila mtu husoma mfululizo wa picha kutoka kushoto kwenda kulia, na kwamba alama kama mshale au X hazijielezi zenyewe kwa mtu ambaye hajafundishwa. Hilo halihusu akili ya mtu. Alama ni lugha, na lugha hujifunzwa.

Mfano: bango la mnyauko wa migomba

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa jambo tunalolijua wote. Wanafunzi wametengeneza bango kuhusu mnyauko bakteria, ugonjwa ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 na kuathiri sana migomba ya Muleba na wilaya nyingine. Kwa kaya zinazotegemea ndizi kwa chakula na kipato, huu si ugonjwa wa kuchezea.

Ujumbe una mambo matatu. La kwanza, ondoa mapema ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, kwa sababu wadudu huchukua vimelea hapo na kuvipeleka mgomba mwingine. La pili, liondoe kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu wala panga, kwa kuwa kifaa kilichogusa mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa hadi mgomba mzima. La tatu, ukilazimika kutumia panga shambani, lisafishe kwa moto au kwa dawa ya kuua vimelea kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Wanafunzi wamechora kisu kikikata ua dume, wakaweka alama nyekundu ya X juu yake. Chini wamechora kijiti chenye panda na alama ya kijani ya vema. Kwao maana iko wazi. Sasa bango linapelekwa kwa watu kumi, na haya ndiyo yanayoweza kujitokeza.

Mkulima wa kwanza anasema, "Naona kisu. Wanatuambia tukate hilo ua kwa kisu." Ameona kitu anachokijua, akakiunganisha na kazi anayoijua. X ameiona kama alama ya mahali pa kukatia. Mwingine anauliza kile kijiti ni nini, maana kimechorwa peke yake bila mkono wala mgomba, kinafanana na manati. Wa tatu ameelewa yote, lakini anasema ua lililochorwa ni kubwa kuliko mkungu, kwa hiyo hana hakika kama ni mgomba wa kwetu.

Kisha kuna jambo lisiloonekana kwenye kompyuta. Bango likitolewa nakala nyeusi na nyeupe pale stesheneri, X nyekundu inakuwa nyeusi kama kisu chenyewe, na vema ya kijani inafifia. Onyo lote lilikuwa kwenye rangi, na rangi haipo tena. Kinachobaki ukutani ni kisu kikikata ua dume.

Fikiria bango hilo likibandikwa kwenye ofisi za vijiji bila kupimwa. Lingepata alama nzuri darasani, na shambani lingesaidia kusambaza ugonjwa lililotakiwa kuuzuia. Marekebisho yake si magumu: ondoa kisu kabisa, chora mkono wa mtu ukishika kijiti kirefu na kuvunja ua dume, kisha onyo la kisu liandikwe kwa maneno machache yanayosomeka hata bila rangi.

Nani aulizwe, na wapi

Kama bango ni la wakulima, waulizwe wakulima. Kama ni la wavuvi, nendeni mwaloni. Kwa tangazo la biashara la Bukoba mjini, wateja halisi wako sokoni, kwenye vituo vya bodaboda na stendi. Kwa Muleba, siku ya gulio ni nafasi nzuri, kwa sababu watu wa vijiji tofauti hukutana mahali pamoja.

Idadi haihitaji kuwa kubwa kwa kazi ya shule. Anza na watu wanane hadi kumi, ukichanganya wanawake na wanaume, vijana na wazee, wanaosoma kwa urahisi na wasiosoma kwa urahisi. Majibu yakianza kujirudia, umeshaona kasoro kubwa. Yakiwa bado yanatofautiana sana, ongeza watu.

Ulizeni mmoja mmoja pale inapowezekana. Kwenye kikundi, akishasema mwenyekiti au mzee anayeheshimika, wengine hukubaliana naye. Majadiliano ya kikundi yana faida yake, hasa kujua kama picha inaudhi au inachekesha mahali isipotakiwa, lakini yafanyike baada ya mahojiano ya mtu mmoja mmoja.

Kuhusu lugha, wazee wengi wa vijijini huzungumza Kihaya kwa uhuru zaidi kuliko Kiswahili. Swali liulizwe kwa lugha anayoitumia nyumbani, na jibu liandikwe kama alivyolisema kabla ya kutafsiriwa. Neno moja alilolichagua mzee linaweza kuwa ndilo linalofaa kuwekwa kwenye bango.

Onyesheni bango mahali linapofanana na litakapokaa. Bango la ukutani lisomwe kwa hatua kadhaa, si mkononi. Tangazo la kwenye simu lionyeshwe kwenye simu ya kawaida, nje, kwenye mwanga wa jua.

Maswali ya kuuliza

Dodoso lisizidi ukurasa mmoja. Maswali yaliyo wazi hufundisha zaidi kuliko ya ndiyo na hapana. Yafuatayo yanatosha kwa tangazo au bango:

1. Unaona nini hapa? Niambie kila kitu unachokiona.
2. Kitu gani umekiona kwanza?
3. Unadhani wanasema nini kwa maneno yako mwenyewe?
4. Wanataka nani afanye hivyo? Je, ni mtu kama wewe?
5. Ukitoka hapa, ungefanya nini?
6. Kuna neno au picha usiyoielewa?
7. Kuna chochote kinachoudhi, kinachotia aibu au kisichofaa watoto kukiona?
8. Ungetaka kibadilishwe nini?

Mpangilio huu una sababu. Swali la kwanza linaulizwa kabla ya kueleza chochote. Mwanafunzi akianza kwa kusema, "Hili ni bango la mnyauko," amempa jibu mtu anayemuuliza. Swali la kupenda au kutopenda likiwepo, liwe la mwisho.

Anayeuliza asiwe aliyechora, kama inawezekana. Mbunifu akisikia kazi yake imesomwa vibaya hushawishika kujitetea: "Hapana, mama, angalia vizuri." Tangu hapo mahojiano yamekwisha. Bango halitakuwa na mtu wa kusimama pembeni yake kulieleza.

Jarida linapimwa tofauti

Tangazo hupewa sekunde chache. Jarida hushikwa, hufunguliwa, huachwa, hurudiwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kulipima ni kutazama. Mpe msomaji nakala ya rasimu, mwombe aipitie anavyotaka kwa dakika tano, nawe ukae kimya ukiandika: amefungua ukurasa gani kwanza, amepita wapi bila kusimama, amerudi wapi, ameliweka chini lini.

Kisha pima sehemu moja moja. Kwa jalada, mwonyeshe na kulifunika haraka, halafu umuulize jarida linaitwaje na lina habari gani ndani. Akikumbuka picha lakini hakumbuki jina, jina limezidiwa na picha. Kwa vichwa vya habari, msomee kichwa peke yake na umuulize anategemea kusoma nini. Kichwa kama "Tafakari ya Wakati" kinaweza kuwa cha makala ya mitihani, ya dini au ya siasa. "Jinsi ya kugawa muda wa kujisomea wiki mbili kabla ya mtihani" hakina utata.

Kwa kurasa za ndani, angalia mambo matatu ambayo wanafunzi huyakosea mara nyingi: herufi ndogo mno kwa ajili ya kubana habari nyingi, maneno juu ya picha yenye rangi zinazofanana nayo, na picha zisizo na maelezo. Mpe msomaji makala moja asome, kisha akusimulie. Akisimulia aya mbili za kwanza tu, huenda aliishia hapo.

Afrika Mashariki ina mifano ya majarida ya vijana yaliyokua kwa kusikiliza wasomaji. Jarida la Fema, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1999, lilifika shule za sekondari nchini likiwa na sauti za vijana wenyewe na klabu zake mashuleni. Mwaka 2003 shirika hilohilo lilianzisha Si Mchezo!, kwa lugha rahisi zaidi, likiwalenga vijana wa vijijini walio nje ya shule. Hapa kuna funzo kwa wabunifu: badala ya kulazimisha jarida moja limfae kila mtu, hadhira nyingine ilipewa jarida lake. Nchini Kenya, katuni za Shujaaz zilianza mwaka 2010 zikiwa na kijana anayejitangazia redio ya siri chumbani kwake, na mawasiliano na wasomaji kwa simu yalikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Kuyasoma majibu

Baada ya mahojiano, chora jedwali. Upande mmoja andika kila sehemu ya kazi: picha kuu, kichwa, alama, rangi, maelezo ya mwisho. Upande mwingine andika watu wangapi walielewa kama ilivyokusudiwa, wangapi walielewa vingine, na maneno yao hasa.

Kisha gawa maoni katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kutoelewa. Hili linadai marekebisho. Kama ujumbe unagusa afya, fedha au usalama, hata mtu mmoja kati ya kumi aliyeelewa kinyume anatosha kukurudisha mezani. Yule mkulima mmoja aliyesema "tukate kwa kisu" ana uzito kuliko tisa waliosifu rangi.

Fungu la pili ni ladha: "Ningependa rangi ya bluu," "Picha iwe kubwa." Maoni haya yazingatiwe yakirudiwa na wengi. Yasifuatwe yote, kwa sababu kazi inayomridhisha kila mtu hupoteza sura.

Fungu la tatu ni maoni yaliyo nje ya kazi, kwa mfano, "Hizo dawa zinauzwa wapi?" Usiyatupe. Mara nyingi yanaonyesha taarifa iliyosahaulika. Watu watatu wakiuliza wampigie nani wakiona mgomba mgonjwa, basi bango linahitaji kuwaelekeza kwa ofisa ugani wa kata.

Baada ya kurekebisha, pima tena kwa watu wengine. Waliohojiwa mara ya kwanza wameshajua ujumbe, kwa hiyo si kipimo tena.

Wakati mwingine muda haupo. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini Machi 2023, na tena Biharamulo Januari 2025, taarifa zilihitajika haraka. Hata katika hali kama hiyo, kabla ya klabu ya shule kubandika bango lake, ni lazima mambo mawili yafanyike: taarifa ithibitishwe na wataalamu wa afya, na rasimu ionyeshwe kwa watu hata watano wa nje ya klabu. Saa moja inatosha.

Ruhusa, picha na heshima

Kabla ya kwenda mtaani au kijijini, mwalimu ajulishwe na mwenyekiti wa mtaa au kijiji apewe taarifa. Wanafunzi wajitambulishe, waeleze kwamba wanaipima kazi yao na si akili ya mtu, na waombe ridhaa. Atakayekataa aachwe kwa amani.

Majina ya waliohojiwa hayahitajiki. "Mkulima, mwanamke, miaka 40 hivi, Kamachumu" inatosha. Picha ya mtu isipigwe wala kutumika bila ridhaa yake, na kwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za watu, na shule haiko nje yake.

Vilevile, picha na michoro iliyochukuliwa mtandaoni ina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wabunifu, wakiwemo wanafunzi wenyewe. Kupiga picha yenu wenyewe ya mgomba, mwalo au soko hutatua tatizo hilo, na mara nyingi walengwa huitambua haraka kuliko picha ya shamba la nchi nyingine.

Mrejesho kama sehemu ya alama

Kwa walimu, tunashauri mrejesho upewe alama zake. Nchini Uingereza, bodi ya mitihani ya OCR kwa miaka kadhaa iliwataka wanafunzi wa Media Studies, waliotengeneza kazi kama video pamoja na tangazo la jaridani, kujibu swali la walichojifunza kutokana na mrejesho wa hadhira. Alama zilikwenda kwa maelezo hayo pia, mbali na kazi yenyewe.

Hapa kwetu hilo linaweza kufanyika kwa kurasa mbili: rasimu ya kwanza, jedwali la majibu, rasimu ya pili, na maelezo mafupi ya kila kilichobadilishwa na sababu yake. Kilichoachwa kama kilivyo nacho kielezwe. Mwanafunzi anayeweza kuandika, "Watu wanne kati ya kumi walidhani kijiti ni manati, kwa hiyo nimechora mkono na mgomba," ameonyesha ujuzi ambao rangi nzuri haziwezi kuuonyesha.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi: nakala mbili za rasimu, moja ya rangi na nyingine nyeusi na nyeupe, daftari, kalamu, na mchana mmoja wa siku ya gulio. Mkiwa tayari, anzeni na bango ambalo tayari limebandikwa kwenye ukuta wa shule yenu. Mwombeni mtu asiyelifahamu alitazame, mumuulize anaona nini, na mwandike jibu lake kama alivyolitoa.